Uzi wa California, Jua la Barcelona

Tumezoea kuiona kompyuta kuwa kitu safi: haina moshi, haina masizi. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa mwaka 2024 vituo vya data vilitumia kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Nani kati yetu ameuhisi umeme huo?

Wapo waliojaribu kutufanya tuuhisi. Mwaka 1995, katika maabara ya Xerox PARC huko California, msanii Natalie Jeremijenko alitundika uzi wa plastiki wa takriban mita mbili na nusu kwenye mota ndogo darini, akaunganisha na waya wa mtandao. Mtandao ukitulia, uzi ulishtuka mara moja moja; ukichangamka, ulizunguka kama pia na kuvuma. Kazi nzuri, ila mtu akishautazama alirudi mezani kwake bila kupungukiwa na kitu. Na kusema haki, uzi ulionyesha msongamano tu, si gharama yake.

Kris De Decker wa Low-tech Magazine alikwenda mbali zaidi mwaka 2018. Aliiweka tovuti kwenye seva ndogo nyumbani kwake Barcelona, ikila umeme wa paneli ya jua ya wati 50 na betri. Rangi iliyo nyuma ya maandishi hupanda na kushuka pamoja na chaji. Picha zimepunguzwa zikawa vidoto vidoto. Mawingu yakizidi siku, tovuti huzimika, na msomaji hulingojea jua kama waanika dagaa. Hapo ubunifu unauma kweli.

Lakini Mtanzania hashangai sana. Mwenye mita ya LUKU anajua uniti zinavyoyeyuka, na mwenye bando dogo huifuta video kabla hajaifungua. Hayo hakuna aliyeyaita sanaa. De Decker ameuchagua uhaba. Wenzetu wameukuta mlangoni. Isitoshe, betri yake hupima upande wake tu: simu ya msomaji na minara iliyo njiani haimo.

Vivyo hivyo sisi wa ughaibuni, tunaotuma nyumbani video ya harusi ya dakika ishirini kwa Wi-Fi isiyohesabiwa. Shangazi aliye Tanga ndiye anayeona kifurushi kikikatika kabla bibi harusi hajatoka nje.