Fundi wa Kuunga Mwanga

Ukishuka kutoka Newala kwenda Masasi unaacha mchanga wa nyanda za juu za Makonde, unakutana na majabali. Kwa mkulima hiyo ni habari ya mikorosho na maji. Kwa fundi wa faiba ni habari ya sululu: juu mtaro unachimbika upesi na kubomoka upesi, chini jiwe linakataa.

Lakini sisifu mtaro. Nasifu ncha. Uzi wa kioo wa faiba una unene wa mikroni 125, na mwanga hupita katikati yake, penye mikroni 9 tu. Fundi anavua gamba, anafuta kwa spiriti, anakata ncha iwe wima, kisha analaza nyuzi mbili uso kwa uso ndani ya mashine. Cheche moja, kioo kinayeyuka, mbili zinakuwa moja. Chembe ya vumbi la Oktoba, lile linaloingia hadi kwenye chai, yatosha kuharibu kiungo. Ndiyo maana wengine hujifungia ndani ya gari, joto likiwachemsha, ili waunge.

Kinachofuata hakishikiki. Ofisi ikitaka laini yake binafsi iingie kwenye mtandao mpana wa wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali, haiungwi na wingu lolote. Inaungwa na kabati la chuma ndani ya chumba chenye baridi, pengine Dar es Salaam, pengine Johannesburg. Hapo rauta mbili husalimiana kwa BGP, itifaki ya kuelekezana njia ambayo Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliianza kwenye leso za karatasi mwaka 1989. Kila moja hutaja namba yake na mitandao inayoifahamu. Fundi makini haamini kila anachoambiwa, huchuja.

Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, na korosho nazo zikaanza kutegemea laini. Miezi michache kabla, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikazorota nchi nzima. Tangu hapo swali la njia ya pili, laini ya kwanza ikikatika, si la wataalamu peke yao. Wauzaji huahidi laini mbili, zote ndani ya mtaro uleule! Fundi ninayemvulia kofia huomba ramani kwanza. Kisha, kabla ya kusaini makabidhiano, anaizima laini ya kwanza mwenyewe, mchana kweupe, wenye ofisi wakitazama, aone kama ya pili itashika.