Marahaba Isiyosikika: Uhakiki wa Igizo Dhima la Mafunzo ya Uuguzi katika Video za ASMR

Igizo dhima linalohakikiwa hapa hurudiwa kwa umbo lilelile katika video nyingi za ASMR, jina lililobuniwa na Jennifer Allen wa Marekani mwaka 2010. Mwanafunzi wa uuguzi hukaa mbele ya kamera na kumfanya mtazamaji kuwa mgonjwa wa mazoezi. Huvaa glavu taratibu karibu na kipaza sauti, hufunga mkanda wa kupimia presha, huhesabu mapigo ya moyo kwa mnong'ono, kisha huandika ili mkwaruzo wa kalamu usikike. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa mwaka 2018 ulibaini kwamba, kwa watu wanaoguswa na video za aina hii, mapigo ya moyo hupungua kwa takriban 3 kwa dakika. Kuzipuuza, basi, ni haraka mno.

Hata hivyo, Mulokozi anapoitazama fasihi simulizi kama tukio, huwaweka fanani na hadhira katika uhusiano hai. Katika video hizi fanani huuliza, hunyamaza kidogo, kisha huendelea kana kwamba amejibiwa. Pengo la jibu limo, jibu halimo.

Uzito wa pengo hilo huonekana igizo likihamishiwa wodini Nachingwea. Binti wa Mtua anayesomea uuguzi, akimkuta kitandani mwanamke wa umri wa bibi yake, hawezi kuugusa mkono wake kabla ya kumwamkia. "Shikamoo, bibi" hudai marahaba, na marahaba hiyo ni taarifa ya kitabibu: ikitoka kwa sauti iliyokauka, ikichelewa, au isipotoka kabisa, muuguzi amekwisha kujua jambo kabla ya kufungua mkanda. Neno "pole" nalo hubeba upole wa sauti na kushiriki maumivu kwa pamoja. Video huchukua upole huo na kuacha maumivu, kwa kuwa mgonjwa wake haumwi popote. Mkanda ukifungwa vibaya, hakuna wa kulalamika.

Maigizo ya mafunzo yenyewe yamelitambua tatizo hili. MamaNatalie, kifaa cha kufundishia uzalishaji, huvaliwa na mtu hai anayeigiza mama: hulia, huuliza, na huamua mwenyewe damu itoke kiasi gani. Kichanga cha NeoNatalie nacho hupumua pale tu mtu mwingine anapominya mpira wake. Mwanafunzi hulazimika kusubiri na kutazama.

Lakini hata igizo lenye mwitikio halitoshi likifanywa mara moja. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, yaliyotolewa mwaka 2010, yaliboresha utendaji mbele ya sanamu bila kubadili huduma kwa watoto halisi. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalipoanzishwa hapohapo kazini, vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kwa mhakiki wa sanaa za maonyesho, matokeo haya ni onyo: ufasaha wa onyesho hauthibitishi kwamba kuna aliyehudumiwa.

Kipo kitu kimoja ambacho video za ASMR hukifanya vizuri kuliko orodha za hatua za mtihani wa vitendo, nacho ni mwendo. Orodha hutoa alama kwa kumweleza mgonjwa utaratibu na kuomba ridhaa yake. Mwanafunzi mwenye hofu huyatamka hayo mbio, tena hatua zenyewe alizisoma kwa Kiingereza ilhali mgonjwa anasubiri Kiswahili, pengine Kimwera. Mnong'ono wa video humwonyesha jinsi sentensi moja inavyoweza kupewa muda. Ingefaa irekodiwe video ya Kiswahili ya namna hiyo, yenye sauti ya bibi ndani yake, na bibi huyo aruhusiwe kusema kwamba mkanda unabana.