Maungio ya vigae: bafu letu lilivyoacha kuvujisha

Rangi ya ukuta wa chumba cha watoto ilianza kuvimba kwa chini, kisha ikamenyuka vipande vipande. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Vigae vyake vilikuwa vizima, havina hata ufa, ndiyo maana ilituchukua miezi kuamini kuwa maji yanapita hapo hapo.

Fundi tuliyemwita aligonga sakafu kwa kitako cha bisibisi, kigae kimoja baada ya kingine, huku akisikiliza. Kigae kilichoshika hutoa sauti nzito. Chenye uwazi chini hulia kama debe tupu. Viwili tu ndivyo vilivyolia. Kisha akakwangua ungio la kona, likamwagika kama unga.

"Dada, hii simenti nyeupe ilikorogwa kama uji wa mgonjwa," alisema.

Alikuwa amegusa penyewe. Simenti huhitaji maji ya kiasi ili ikomae. Yakizidi, hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na ungio likinywea hupasuka nyufa nyembamba. Mafundi wengi hupenda rojo jepesi kwa sababu hujimiminikia lenyewe na kazi ikaisha upesi. Nasi tukaongezea ubaya kwa kusugua bafu kila wiki kwa asidi ya kuoshea choo, na asidi hula simenti.

Siku ya kwanza nzima ilikuwa ya kukwangua. Vigae vyetu vina unene wa milimita 8, naye alishuka hadi milimita 5 au 6, kwani grauti mpya (rojo la simenti la kujazia maungio) ikipakwa juu juu tu ya ile ya zamani hubanduka. Vile vigae viwili alivitoa, akavibandika upya kwa gundi ya vigae, tukasubiri saa 24.

Kwa kuwa maungio yana upana wa milimita 4, alichagua grauti yenye mchanga. Isiyo na mchanga hufaa yaliyo chini ya milimita 3. Alitangulia kutia maji kwenye ndoo, akafuatisha unga kidogo kidogo mpaka ukawa mzito kama dawa ya meno. Akauacha dakika 10, akakoroga tena bila kuongeza hata tone. Maji yenyewe yalikuwa ya bomba. Ya kisima chetu yana chumvi, na chumvi hujitokeza baadaye kama vumbi jeupe juu ya ungio.

Grauti aliisukuma kwa mwiko wa mpira akipita mshazari, ili ukingo wa mwiko usizame na kuchota alichokwisha kujaza. Sponji ya kufutia aliikamua mpaka ikaacha kudondosha. Nilisimama pale nikitazama mikono yake, maana sponji chepechepe hurudisha maji yale yale tuliyokwepa kwenye ndoo.

Kona zote ambapo sakafu inakutana na ukuta aliziacha bila grauti, akazijaza silikoni. Sakafu na ukuta hutanuka na kusinyaa kila kimoja kivyake. Silikoni huvutika, grauti hupasuka. Kwangu mimi hilo ndilo lililookoa ule ukuta, na ndilo naliona limesahaulika katika nyumba nyingi mpya.

Baada ya siku 3 alipaka maungio dawa ya kuzuia maji kwa brashi, akaifuta juu ya vigae kabla haijakauka. Kesho yake nilidondosha tone la maji juu ya ungio, likasimama kama shanga.

Hata hivyo dawa hiyo hupunguza tu maji yanayonywewa. Kinga hasa ni utando wa kuzuia maji unaowekwa chini ya vigae, na tulipong'oa vile viwili tuliona bafu letu halina. Ukuta umekauka, lakini jaribio la tone tutalirudia kila mwaka. Nawe unayejenga sasa, dai utando huo uwekwe kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa, na usimlipe fundi malizio kabla hujazikagua kona.