Istilahi za Matembezi ya Baharini: Uhakiki wa Tafsiri Moja Kuhusu Uskoti

Maelezo ya watalii ni maandishi ambayo wafasiri wengi huyahesabu kuwa mepesi. Hayana uzito wa mkataba wala mafumbo ya shairi. Hata hivyo msomaji wake huyafuata kwa vitendo: huchagua mwezi wa kusafiri, huabiri mashua, hushuka kisiwani na kukutana na wanyama asiowajua. Istilahi ikipotoka, atakayepata taabu ni yeye, wala si mfasiri.

Katika makala haya tunaichambua rasimu ya tafsiri ya Kiswahili iliyopita mikononi mwetu. Maelezo yenyewe yanawahusu wageni wanaopanga matembezi ya mashua ya kutazama wanyama na ndege katika pwani na visiwa vya Uskoti, pamoja na matembezi ya miguu yenye kiongozi. Sarufi ya tafsiri hiyo haina kasoro kubwa. Kasoro zimo katika istilahi, nazo ni za namna tatu: kuyaacha maneno tuliyo nayo, kuyabandika maneno hayo kwa vitu visivyo vyake, na kuchanganya sheria na ushauri.

Tuanze na ile ya kwanza. Mfasiri amekutana na istilahi ya Kiingereza "spring tide" akaandika "maji ya majira ya kuchipua". Neno "spring" hapo linahusu kuchupa kwa maji, wala halihusu majira ya mwaka. Jambo linalotajwa hutokea mara mbili katika kila mwezi mwandamo, karibu na siku ya mwezi kuandama na siku ya mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Kila mvuvi wa pwani yetu huliita bamvua. Msomaji wa tafsiri hii ataamini kwamba mikondo mikali huja kati ya Machi na Mei tu, na kwamba mwezi wa Agosti hana la kuhofia.

Hofu hiyo si ya kubuni. Kati ya visiwa vya Jura na Scarba upo mlangobahari wa Corryvreckan, ambao maji yake huzunguka kwa nguvu kubwa mkondo unapokaza. Mwezi wa Agosti 1947 mwandishi George Orwell, aliyekuwa akiishi Jura, aliingia huko kwa mashua ndogo pamoja na jamaa zake, baada ya kukosea kusoma jedwali la maji. Injini iling'olewa, mashua ikapinduka, na wote wakaponea chupuchupu juu ya kisiwa kidogo cha mwamba hadi walipookolewa na wavuvi wa kamba. Ikiwa msomaji wa Kiingereza chenyewe aliweza kupotea katika jedwali, tumpe nini msomaji ambaye hata jina la bamvua amenyimwa?

Papo hapo mfasiri ametumia "maji mafu" kwa kile kitambo kifupi ambacho mkondo husimama kati ya kujaa na kupwa. Neno ni letu, lakini si mahali pake. Maji mafu ni yale ya siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Kile kitambo huja mara kadhaa kwa siku, hata siku za bamvua, na ndicho manahodha wengi hukingojea ili kupita mahali pa hatari. Anayeambiwa avuke "wakati wa maji mafu" atadhani ana siku nzima ya kuvuka, kumbe ana dakika chache tu. Yafaa tuseme "maji kusimama".

Majina ya mahali nayo yametatiza. Neno "loch" la Kigaeli hutumika kwa ziwa la maji baridi, kama Loch Ness, na pia kwa mkono wa bahari uingiao bara, kama Loch Linnhe. Mfasiri ameandika "ziwa" kote, na hivyo msomaji anakuta sili wanaogelea ziwani na ziwa lenyewe linajaa na kupwa. Kiswahili kina neno hori kwa mkono wa bahari, na lingeondoa utata wote. La kusikitisha zaidi, Sound of Mull, yaani mlangobahari ulio kati ya kisiwa cha Mull na bara, umeitwa "Sauti ya Mull". Jina la mahali libaki lilivyo ili mgeni alitambue katika ramani, na neno la kufafanua lifuate.

Kasoro ya pili ni kuyavuta majina ya viumbe wetu. Sili ameitwa "nguva". Nguva hula majani ya baharini wala hapandi nchi kavu, lakini sili hupanda miambani kupumzika na kuzaa. Sentensi isemayo "nguva wamelala juu ya mwamba" itamchekesha mtu wa Lamu na kumpotosha mwanafunzi wa Dodoma. Vivyo hivyo yule papa mkubwa wa magharibi ya Uskoti, aogeleaye kinywa wazi akichuja viumbe vidogo vya majini, ameitwa "papa potwe". Potwe ni yule wa Mafia, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa, apendaye bahari za joto. Huyu wa Uskoti ni wa pili kwa ukubwa, ni wa jamii nyingine, naye amelindwa na sheria ya Uingereza tangu 1998. Twaona afadhali aitwe "papa mchujaji wa kaskazini" hadi lipatikane jina bora.

Ndege mdogo mwenye mdomo wa rangi nyingi ameitwa "kasuku wa baharini", ingawa hana nasaba na kasuku. Kama tulivyompokea pengwini, tumpokee pafini. Hatusemi kwamba kila jina la kwetu limekatazwa. Fisi maji ni jina la jamii nzima ya wanyama walio ndugu, nao wa pwani ya Uskoti ni miongoni mwao. Hapo mfasiri amepatia.

Majira nayo yanataka hadhari. "Kiangazi" kwetu ni wakati wa ukame, ilhali Juni hadi Agosti magharibi ya Uskoti mvua ni jambo la kawaida. Tena pafini huondoka mapema mwezi Agosti. Mgeni aliyeahidiwa pafini "wakati wa kiangazi" akafika Isle of May mwishoni mwa Agosti, bila koti la mvua, atakuwa amekosa ndege na kulowa pia. Itajwe miezi kwa majina yake.

Kasoro ya tatu inawahusu hasa watumishi wa serikali. Mfasiri ameandika "inashauriwa kutowasumbua sili". Lakini kwa Sheria ya Bahari ya Uskoti ya 2010, kifungu cha 117, kumsumbua sili kwa makusudi au kwa kutojali katika mahali palipotangazwa kuwa pa kupumzikia ni kosa la jinai; mwaka 2014 yalitangazwa maeneo 194. Kwa upande mwingine, kanuni za utazamaji wa viumbe wa baharini zilizotolewa 2006 ni mwongozo, nazo zimeitwa "sheria". Ile haki ya kupita mashambani iliyowekwa na sheria ya 2003 imeitwa "uhuru wa kuzurura", ilhali sheria yenyewe inadai mpitaji awajibike, na haki hiyo haihusu magari wala uwindaji. Tunapendekeza "haki ya kupita kwa uwajibikaji".

Hata kitenzi kimoja chaweza kufunga safari nzima. Mwaka 2022, kwa sababu ya mafua ya ndege, kushuka katika visiwa 23 kulisimamishwa. Mfasiri amesema "safari zilisimamishwa". Katazo lilikuwa la kukanyaga kisiwa, si la kukizunguka kwa mashua.

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya wasomaji istilahi hizi:

bamvua: siku za maji kujaa na kupwa sana;
maji mafu: siku za maji kujaa na kupwa kidogo;
maji kusimama: kitambo kati ya kujaa na kupwa;
hori: mkono wa bahari uingiao bara;
mlangobahari: njia ya bahari kati ya nchi mbili kavu;
sharti, kanuni, ushauri: yasibadilishane nafasi.

Rai yetu kwa wafasiri na walimu ni kwamba kabla ya kuunda neno la bahari, waulizwe kwanza manahodha na wavuvi wa pwani. Na pale ambapo kiumbe si wa kwetu, asivikwe jina la mwingine. Neno geni lililoandikwa kwa matamshi yetu hujifunzwa kwa siku moja, lakini jina la uongo huchukua miaka kung'oka vitabuni.