Takriri Isiyo na Shairi: Uhakiki wa Matini za Tovuti Ziandikwazo kwa ajili ya Injini za Utafutaji

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina moja ya maandishi ambayo, ingawa imeenea mno, haijatazamwa vya kutosha na wanazuoni wa lugha zetu. Nayo ni matini ya tovuti iandikwayo ili injini ya utafutaji, kama vile Google, iuweke ukurasa wa mwenye biashara juu ya kurasa za washindani wake. Yamkini msomaji atauliza: je, tangazo la hoteli au la duka la viatu lastahili kuhakikiwa katika jarida la lugha? Jibu letu ni kwamba lastahili, na sababu zetu ni mbili. Kwanza, baadhi ya wahitimu wa idara zetu hujipatia riziki kwa kuandika matini za aina hii, nao huziandika kwa kufuata kanuni zilizobuniwa kwa ajili ya lugha nyingine. Pili, Kiswahili kinachowekwa mtandaoni hakitupwi pamoja na gazeti la jana. Hukusanywa kikawa ghala ambamo watungaji wa kamusi na waundaji wa mitambo ya kutafsiri huchota mifano yao. Kosa lililoandikwa leo kwa ajili ya kuuza chumba laweza kesho kurudi kwetu likiwa ushahidi wa matumizi.

Hoja tutakayoitetea ni hii: kanuni mashuhuri ya uandishi huu, yaani ile ya kulikariri neno kuu, ilizaliwa na udhaifu wa mashine za zamani pamoja na umbo la Kiingereza. Haikifai Kiswahili kisarufi wala kisanaa, na hata mbele ya mashine yenyewe imekwisha kupoteza nguvu. Hata hivyo, pembeni mwa kanuni hiyo mna funzo moja ambalo sisi wa vyuoni hatuna budi kulikubali.

Chimbuko la Kanuni

Yafaa kwanza tujue kanuni hii ilitoka wapi. Mwaka 1957 Hans Peter Luhn, mtaalamu wa shirika la IBM, alitoa rai kwamba mashine ingeweza kuitambua mada ya andiko kwa kuhesabu maneno yake. Neno linalorudiwa mara nyingi, mradi lisiwe miongoni mwa yale ya kawaida mno kama vile viunganishi, huelekea kuwa ndilo libebalo mada. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mwanazuoni wa Uingereza, alieleza kwamba uzito wa neno wategemea pia uchache wa maandiko yenye neno hilo. Lile linalopatikana katika kila andiko halisaidii kulitenga moja na jingine. Mawazo haya mawili yangali miongoni mwa misingi ya taaluma ya utafutaji wa habari hadi leo.

Injini za utafutaji za miaka ya 1990, mathalan AltaVista iliyoanzishwa mwaka 1995, zilitegemea sana maneno yaliyomo ukurasani. Wafanyabiashara hawakukawia kuligundua hilo. Wakayarundika maneno yao. Wengine hata waliyaandika kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili mtu asiyaone na mashine iyaone. Hapa pana jambo ambalo mhakiki lazima alishike. Hesabu ya Luhn ilichukulia kwamba mwandishi anaandika bila kujua kuwa maneno yake yatahesabiwa. Pindi mwandishi anapojua, na akaandika kwa ajili ya kuhesabiwa, hesabu hiyo haipimi tena mada. Hupima tamaa yake ya kuonekana.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha Google kwa wazo walilolichukua kutoka kwa wanazuoni: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi nyingine, hasa zile zilizo na hadhi, hupewa uzito, kama vile kitabu kinachonukuliwa na wengi. Tangu hapo nguvu ya takriri tupu imekuwa ikipungua. Mwezi wa Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haitumii kabisa ile orodha ya maneno makuu ambayo waandishi walikuwa wakiificha katika msimbo wa ukurasa. Mwezi wa Februari 2011 ilibadili taratibu zake ili kuzishusha tovuti zilizozalisha makala duni kwa wingi, na mwezi wa Aprili 2012 ikaanza kuziadhibu kurasa zilizorundika maneno na zile zilizojipatia viungo kwa hila. Mwezi wa Oktoba 2019 ikaanza kutumia mfumo uitwao BERT, ambao hulisoma neno pamoja na yale yanayolitangulia na yanayolifuata; kwanza kwa Kiingereza nchini Marekani, kisha, mwezi wa Desemba, kwa lugha zaidi ya 70. Mwezi wa Agosti 2022 ikatangaza utaratibu wa kuzipendelea kurasa zilizoandikwa kwa manufaa ya watu na kuzishusha zile zilizoandikwa kwa ajili ya injini. Pamoja na hayo yote, kanuni ya takriri ingali ikifundishwa.

Fani: Mfano na Uchambuzi

Kwa kuwa hatukusudii kumwaibisha mtu yeyote, tumeutunga wenyewe mfano ufuatao kwa kufuata mtindo uliozoeleka:

"Je, unatafuta hoteli nafuu Malindi? Hoteli nafuu Malindi ni nyingi, lakini hoteli yetu ni hoteli nafuu Malindi inayopendwa na watalii. Ukitaka hoteli nafuu Malindi, piga simu leo, upate hoteli nafuu Malindi kwa bei nafuu."

Matini hii ina maneno 34. Kifungu "hoteli nafuu Malindi" kimetokea mara 5, yaani maneno 15 kati ya hayo 34 ni ya kifungu kimoja. Kisarufi, kifungu chenyewe ni kilema. Hakina a-unganifu wala kirejeshi cha kuihusisha hoteli na mahali pake. Hakisemi "hoteli ya Malindi" wala "hoteli iliyoko Malindi". Kimenakiliwa kutoka katika kisanduku cha kutafutia, ambamo mtu mwenye haraka huandika maneno matatu na kubonyeza, kikatiwa ndani ya sentensi kana kwamba ni nomino moja. Kimaudhui, baada ya maneno 34 hatujui kama inayozungumziwa ni Malindi ya pwani ya Kenya au ni mtaa wa Malindi mjini Unguja. Hatujui unafuu huo una sababu gani. Mwandishi amelitaja jina la mahali mara tano pasipo kutupeleka huko hata mara moja.

Sasa tuilinganishe na hii:

"Hoteli yetu iko Malindi mjini, kaskazini ya Mombasa. Haiko ufuoni, na ndiyo sababu bei ni nafuu. Ina vyumba kumi na viwili, kila kimoja kikiwa na chandarua na feni. Anayeifikia kwa basi atatembea dakika kumi tu kutoka stendi."

Nomino "hoteli" imetajwa mara moja tu. Hata hivyo hapana msomaji atakayepoteza njia, kwani hoteli hiyo yarejelewa na viambishi vya ngeli: yetu, iko, haiko, ina, anayeifikia. Hapa ndipo ilipo ila kubwa ya kanuni tunayoihakiki. Katika Kiswahili upatanisho wa kisarufi si pambo. Ndio uzi unaozishona sentensi zikawa matini moja. Nomino ikishatajwa, kiambishi chake hubeba mzigo wa kuirejelea, na kuirudia bila haja humfanya msikilizaji adhani kwamba pengine yasemwa hoteli nyingine. Anayemwamrisha mwandishi wa Kiswahili airudie nomino katika kila sentensi anamwamrisha auache utaratibu ambao lugha imejiwekea kwa kazi hiyo hiyo.

Kuna na tatizo la maumbo ya maneno. Kiingereza kwa kawaida huongeza viambishi vyake mwishoni mwa neno. Ndiyo maana utaratibu mashuhuri wa Martin Porter, uliochapishwa mwaka 1980, uliweza kuyakusanya maneno ya jamii moja kwa kuikata tu mikia yake. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia: chumba na vyumba, jino na meno, ulimi na ndimi. Kitenzi nacho hupokea viambishi huku na huku, kama tuonavyo katika "tafuta", "anayekitafuta" na "hawakutafutiwa". Mashine isiyoijua sarufi hii huviona chumba na vyumba kuwa vitu viwili visivyohusiana, na kutokana na hofu hiyo mwandishi huambiwa alikariri umbo lile lile bila kulibadili. Lakini udhaifu huo ni wa mashine, na dawa yake iko kwa waundaji wa mashine. Kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo wa kompyuta wa kuyachambua maneno ya Kiswahili, yathibitisha kwamba sarufi yetu yaweza kufundishwa kwa mashine. Si haki basi kuipunguza lugha ili ienee katika chombo kilichotengenezwa pungufu.

Takriri katika Sanaa Yetu

Huenda ikadaiwa kwamba takriri si kitu kigeni kwetu, na dai hilo ni kweli. Mashairi yetu yana vipokeo, nyimbo zina viitikio, na msimuliaji wa ngano hulirudia tendo moja mara tatu huku watoto wakimsubiri. Lakini kipokeo hurudi baada ya ubeti mpya, na kila kirudipo huwa kimeongezewa uzito na yale yaliyosemwa katikati. Takriri ya matini tunazozihakiki hairudi kutoka popote, kwani katikati hapakusemwa jambo.

Mfano ulio karibu zaidi ni mchuuzi wa sokoni, ambaye huyataja machungwa yake kutwa nzima. Yeye ana sababu. Wasikilizaji wake wanapita, na anayesikia sasa siye aliyesikia dakika moja iliyopita. Msomaji wa ukurasa hapiti. Amekwisha fika, amesimama mbele ya meza, anataka kujua bei na kuligusa tunda. Kuendelea kumpigia kelele aliyekwisha fika ni kukosa kuitambua hadhira, na hilo ni kosa la kifani katika utanzu wowote ule.

Hadhira na Mwenye Mali

Hadhira ni suala ambalo haliwezi kutenganishwa na lile la mali. Mwandishi wa matini hizi hulipwa na mwenye ukurasa, lakini humtumikia pia bwana wa pili asiyemwona, yaani mwenye injini, ambaye hubadili taratibu zake apendapo. Page na Brin wenyewe, katika makala yao ya mwaka 1998, walionya kwamba injini inayoishi kwa fedha za matangazo ingeelekea kuwapendelea watangazaji. Mwezi wa Oktoba 2000 kampuni yao ikaanza kuuza matangazo kwa mfumo wa AdWords. Aidha, mwezi wa Mei 2024 Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya orodha majibu yaliyotungwa na mashine, hata ikawa mtafutaji aweza kuridhika asiufikie ukurasa wowote. Basi mwandishi aliyeitoa mhanga lugha yake ili apande hana hakika kwamba atasomwa. Aliyeandika jambo la kweli kwa lugha safi walau amebaki na andiko linaloweza kusomwa, liwe juu au liwe chini.

Funzo Tusilopaswa Kulidharau

Pamoja na lawama hizi, kazi hii ina upande wa haki. Mwandishi wake stadi huanza kwa kujiuliza: mtu anayelihitaji jambo hili hulitaja kwa neno gani? Hilo ni swali ambalo sisi, watunga istilahi, mara nyingi hatuliulizi. Tumeunda tarakilishi, ngamizi, rununu na runinga, tukazikabidhi kwa shule. Lakini yule mwenye kompyuta iliyoharibika aweza kuandika kompyuta, na mwenye simu akaandika simu. Ukurasa unaosema tarakilishi peke yake huenda usifikiwe na mtu ambaye ulikusudiwa kumsaidia. Dawa si kuyafuta maneno yetu. Ni kuyaweka pamoja na yale ya umma kwa namna iliyo ya kawaida katika lugha: kusema simu ya mkononi mahali pamoja na rununu mahali pengine, na kulieleza lile geni kwa lile lililozoeleka. Kufanya hivyo ni kupanua msamiati, wala si kurundika.

Tena, si kweli kwamba kila mtafutaji huandika kwa mkato. Mwanafunzi anayetaka fasili huandika "maana ya sitiari". Mpishi huandika "jinsi ya kupika pilau". Virai hivi vina a-unganifu wake, ni Kiswahili kamili, na vyaweza kuwa kichwa cha makala bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Mwandishi anayekijua Kiswahili hana haja ya kuchagua kati ya kupatikana na kuandika vizuri, iwapo tu ataanza na swali la msomaji kama lilivyo kinywani mwake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kanuni ya kulikariri neno kuu ilikuwa na mantiki katika mashine za wakati wake, kwamba wenye mashine wenyewe wamekwisha kuipa kisogo, na kwamba katika Kiswahili huharibu upatanisho wa kisarufi ambao ndio nguzo ya mshikamano wa matini zetu. Tumeonyesha pia kwamba swali la kuteua neno litumiwalo na umma ni swali halali, nalo latuhusu.

Tungependekeza idara zetu ziingize uandishi wa matini za tovuti katika masomo ya matumizi ya lugha, pamoja na barua, ripoti na matangazo, ili mwanafunzi asiende kujifunza kazi hiyo kwa vitabu vya Kiingereza peke yake. Tungependekeza pia watafiti wa istilahi wayachunguze maneno ambayo watu huyatumia wanapotafuta, kabla ya kuwaundia mengine. Ni matumaini yetu kwamba wenzetu watalichukua suala hili na kulichimbua zaidi, kwa mifano ya lahaja na ya nchi nyingine zinazotumia Kiswahili.