Roketi Isiyoficha Kitu: Wiki Mbili na Leviathan

Imeruka! Imepanda wima kama mshale, moto mweupe ukiisukuma kutoka chini, na ule mlio wake bado uko kifuani mwangu ninapoandika haya. Altimita ndogo niliyoifunga ndani yake imesoma mita 241. Mita 241, jamani! Na chombo chenyewe nimekiunda kwa mikono yangu, juu ya meza ya jikoni hapa Houston, mimi ambaye mwezi uliopita sikujua hata gundi ya epoksi inachanganywaje.

Jina lake ni Leviathan. Ni seti ya kampuni ya Estes ya Marekani, kutoka mfululizo wao wa Pro Series II, na imo kwenye daraja ambalo wapenzi wa mchezo wa roketi za mfano huliita nguvu ya kati. Nimekaa nayo wiki mbili za kuunda na siku moja ya kurusha. Nasema mapema ili usisubiri mwisho wa makala: kama una subira ya kungoja gundi ikauke, na una uwanja mpana unaoruhusiwa kurushia, inunue.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo nguvu ya kati. Mota za roketi za mfano hupangwa kwa herufi, na kila herufi hufika mara mbili ya ile iliyoitangulia. Mota ya D inaishia kwenye nyutoni-sekunde 20 za msukumo wa jumla, E inafika 40, F inafika 80, na G inafika 160. Nguvu ya kati ni hizo E, F na G. Ukivuka 160 unaingia kwenye H, na hapo Marekani huuziwi mota mpaka uwe na cheti cha chama cha National Association of Rocketry, yaani NAR, au cha chama kingine kiitwacho Tripoli. Kwa hiyo anayeanza kama mimi amefunguliwa milango mingi hadi G, na Leviathan imetengenezwa kuishi hapo hapo.

Ila herufi hazisemi jambo kubwa kuliko yote, nalo ni ukubwa. Roketi ndogo za watoto nimeziona zikirushwa. Ni tamu, lakini ukipepesa jicho tu imeshapotea, na unabaki unauliza wenzako imeelekea wapi. Leviathan ina kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa kopo la nyanya, na ukiisimamisha sakafuni inanifika kiunoni. Ikiondoka, jicho linaifuata. Unaiona inapoachana na fimbo ya kurushia, unaiona inapopunguza mwendo kule juu, unaiona inapogeuza pua, unauona mwavuli unapofunguka. Roketi hii haifichi kitu! Wakati wa kuunda unaiona yote ndani, na wakati wa kuruka unaiona yote nje. Hilo ndilo lililoniteka, na ndilo nitakalolirudia hadi nichoshe watu.

Nilipofungua boksi nilikuta bomba la karatasi nene, pua ya plastiki, mapezi ya mbao yaliyokatwa kwa leza, bomba dogo la kukalia mota lenye kipenyo cha milimita 29, pete za kulishikilia katikati ya bomba kubwa, kamba ya mpira, mwavuli, na kifungio cha mota cha kuzungusha kama kizibo cha chupa. Gundi, msasa, rangi na mota unajinunulia. Nilipovipanga vyote mezani binti yangu akauliza, "Baba, chuma kiko wapi?" Swali zuri sana, na jibu lake ndiyo historia nzima ya mchezo huu.

Miaka ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa wakijaza baruti kwenye mabomba ya chuma, na wengi waliumia vibaya. Mwaka 1954 Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk katika jimbo la Nebraska na mpenzi mkubwa wa fataki, akaunda roketi ya karatasi na mbao inayotumia mota ya kubadilishwa na kushuka kwa mwavuli. Kazi yake ikamfikia G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja wa makombora wa White Sands, na kufikia 1957 chama cha NAR kikazaliwa. Mwaka uliofuata Vern Estes akaanzisha kampuni yake huko Colorado, na mashine yake ya kushindilia mota akaiita Mabel. Tangu hapo kanuni ni moja: mwili wa roketi unaunda wewe, wa vitu vyepesi visivyodhuru, mota inatoka kiwandani, imefungwa, na wewe huchanganyi baruti hata chembe. Kwa hiyo chuma hakipo kwa makusudi, mwanangu. Ndiyo maana sote bado tuna vidole kumi.

Sasa kuunda. Hapa ndipo utamu ulipo!

Mapezi ya Leviathan hayabandikwi juu ya bomba kama stempu. Kila pezi lina ulimi, na bomba limechanjwa nyufa. Unaupitisha ulimi kwenye ufa, unazama, unazama, mpaka unasikia mgoto mdogo: umegusa bomba la mota lililo katikati. Basi pezi moja linashikwa na gundi kwenye bomba la ndani, kwenye pete, na kwenye ngozi ya nje. Siku ya pili nililishika pezi moja nikainua roketi nzima nalo. Halikulia, halikutikisika. Wakati huo ndipo nilipoamini kwamba kitu hiki kitaruka kweli.

Kisha unajaza pembe, pale pezi linapokutana na bomba. Nitakueleza nilivyofanya, kwa sababu hakuna saa niliyoifurahia zaidi ya hiyo. Laza roketi ili pembe unayoishughulikia itazame juu kama mfereji. Changanya epoksi ya dakika 30, nusu kwa nusu, kwenye kipande cha kadibodi, taratibu, usiingize mapovu. Imwage kwa kijiti kwenye mfereji kuanzia juu hadi chini. Vaa glavu, chovya kidole kwenye spiriti, kisha kipitishe mara moja tu, bila kusita na bila kurudi. Gundi inalala nyuma ya kidole kama ulimi wa maji ufukweni, laini, inang'aa, haina alama. Nimekulia Bagamoyo, nimewatazama mafundi wa majahazi wakitia kalafati kwenye mianya ya mbao, na wallahi nilijisikia niko nao pale pwani. Mkono unajua kazi kabla ya kichwa. Subiri ishike, zungusha roketi, anza pembe nyingine. Jioni tatu zilipita hivyo, na sikuwasha televisheni hata mara moja.

Kabla ya rangi kuna kipimo kimoja ambacho hakuna ruhusa ya kukiruka. Roketi ni mshale. Mshale hunyooka kwa sababu uzito uko mbele na manyoya yako nyuma. Kwa hiyo weka kila kitu ndani, mota ikiwemo, kisha iweke roketi juu ya kidole mpaka isimame sawa. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Nacho kitovu cha msukumo wa upepo lazima kiwe nyuma yake, kuelekea mapezi, kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, yaani sentimita 7.6 kwa Leviathan. Yangu ilipita kwa raha. Nikaipaka rangi ya chungwa, kwa sababu nilitaka kuiona, na kwa sababu nyasi za Texas hazina rangi hiyo.

Mota niliyochagua ni ya AeroTech, imeandikwa F67W-6. Usiogope maandishi hayo, yanasomeka kama anwani. F ni daraja la nguvu. 67 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. W ni aina ya mafuta yenye moto mweupe. 6 ni sekunde za kungoja baada ya moto kuisha kabla baruti kidogo iliyo mbele ya mota haijalipuka na kuusukuma mwavuli nje. Mizani ya jikoni iliniambia roketi yangu na mota yake ina gramu 612, uzito wa nyutoni 6 hivi. Kanuni ya wenye uzoefu ni kwamba msukumo uwe mara tano ya uzito au zaidi. Mimi nilikuwa na zaidi ya mara kumi!

Na mafuta yenyewe? Ni amonimu pakloreti iliyofungwa ndani ya mpira, ukoo ule ule wa mafuta yaliyokuwa kwenye roketi mbili kubwa za pembeni za vyombo vya angani vya Space Shuttle. Ni mafuta magumu: ukishayawasha hayazimwi. Roketi za mafuta magumu si ngeni kwetu sisi watu wa pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout, hatua zake zote nne zikiwa za mafuta magumu, iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi ikiwa imebeba setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Nilikuwa nikilijua jina hilo tangu shuleni. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kushika mota ya mafuta magumu kiganjani, nyepesi kuliko embe, ni kitu kingine kabisa.

Jumamosi tukaenda kwenye malisho ya ng'ombe, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini, siku ya kurusha ya klabu. Masharti ya NAR yanafuatwa pale bila mjadala. Kwa mota kubwa kuliko D unasimama mita 9 au zaidi kutoka kwenye roketi. Uwanja wa mota ya F uwe na upana usiopungua mita 300 na kidogo. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, hakuna kurusha. Unahesabu kwa sauti kabla ya kurusha ili kila mtu ainue macho. Mzee mmoja wa klabu akaikagua roketi yangu, akayavuta mapezi, akaivuta kamba ya mwavuli, akatikisa kichwa kukubali.

Tukaivika kwenye fimbo ya chuma. Binti yangu akahesabu kwa Kiswahili, mbele ya Wamarekani wote wale: tano, nne, tatu, mbili, moja! Nikabonyeza. Kimya.

Sharti ni kungoja dakika nzima kabla ya kuisogelea. Nikangoja. Kumbe kiwashio kilikuwa kimeteleza. Kwenye mota za aina hii waya wa kiwashio lazima ufike juu kabisa ndani ya mota, kwa sababu mafuta yanatakiwa kushika moto kuanzia juu, na mimi sikuubana vizuri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikaweka kiwashio kipya, nikakisukuma mpaka kikagota, nikakibana. Tano, nne, tatu, mbili, moja!

Ndugu msomaji, sekunde moja. Moto wa mota ile hauchukui hata sekunde moja kamili, lakini ndani yake nimeona kila kitu: mwanga mweupe chini, moshi ukitawanyika kwenye nyasi, rangi ya chungwa ikiteleza kwenye fimbo, na kisha iko juu, inanyooka, haiyumbi hata kidogo! Moto ukaisha, roketi ikaendelea kupanda kwa kasi yake yenyewe, kimya kabisa, inazidi kuwa ndogo lakini bado naiona. Ikafika kileleni, ikainamisha pua. Pafu! Moshi mdogo, kisha mwavuli. "Baba, inashuka! Inashuka!" Akakimbia kabla sijamruhusu, na mimi nikamfuata.

Tuliikuta kwenye nyasi, hatua kama mia na hamsini kutoka ilikoondokea. Nilipitisha kidole kwenye kila pembe niliyoijaza. Hakuna ufa. Bomba zima, pua nzima, mapezi yote mahali pake, na harufu ya moto ndani yake. Ningeweza kuirusha tena saa ile ile.

Hukumu yangu basi. Leviathan inamfaa mtu mzima anayeanza, au mzazi na mtoto aliyefikia umri wa kushika msasa. Haihitaji karakana; meza, taa nzuri na dirisha lililo wazi vinatosha. Tenga fedha za mota, kwa sababu roketi unainunua mara moja lakini mota ya namna hii unaichoma kila unaporusha. Kabla hujanunua chochote, tafuta klabu iliyo karibu nawe, nenda siku ya kurusha, simama nyuma ya kamba na uangalie. Ukishainunua, usikimbize gundi. Fuata masharti yote ya usalama, hata yale yanayokuchelewesha dakika nzima. Na uipake rangi inayoonekana mbali, kwa sababu utataka kuiona safari yote, tangu fimboni hadi kwenye nyasi.