Geji Isiyopiga Kelele

Anayetaka kumjua fundi hodari wa ndege ndogo asimpime kwa injini peke yake. Injini ikiumwa hutetemeka, hukohoa, huvuja oili. Geji ya rubani ikiumwa hukaa kimya na kuendelea kuonyesha namba, tena kwa utulivu uleule.

Chukua Cessna 172, ndege ya injini moja iliyoingia sokoni mwaka 1956 na ambayo zimeshaundwa zaidi ya 40,000. Chini ya bawa la kushoto pana mrija mwembamba uliokabili upepo; ubavuni, karibu na pua, pana kitundu kinachopokea hewa tulivu. Kipima mwendo hulinganisha hewa ya mrija na ya kitundu. Altimita, inayopima kimo, hutegemea kitundu peke yake.

Nyigu wa udongo huupenda sana mrija huo. Ukizibwa pamoja na tundu lake la kutolea maji, mshale wa mwendo hupanda kila ndege inapopanda. Rubani hudhani anakimbia mno, akainua pua, kumbe mwendo unamwishia. Kitundu cha ubavuni nacho kikizibwa, altimita huganda palepale. Oktoba 1996, Boeing 757 iliondoka Lima, Peru, ikiwa na utepe uliobandikwa juu ya vitundu hivyo wakati wa kuisafisha. Wote 70 waliokuwamo walikufa.

Ndiyo maana fundi hana haraka. Hapulizi mrija kutoka nje, kwa sababu ndani ya geji mna kibweta cha shaba nyembamba kinachoharibika kwa pumzi moja. Huchomoa kwanza mpira nyuma ya dashibodi, kisha hupuliza kuelekea nje. Baadaye huvuta hewa taratibu kupitia kitundu hadi altimita ipande futi 1,000, hufunga, na kutazama saa. Kwa dakika moja haitakiwi kushuka zaidi ya futi 100. Ikizidi, hulala chali sakafuni mwa ndege, tochi mkononi, akikagua kiungo baada ya kiungo.

Kabla ya kutia sahihi kwenye kitabu cha ndege, huhesabu vipande vya utepe alivyobandika wakati wa kazi na kuvibandua na kuirekebisha altimita kwa mgandamizo wa hewa wa siku hiyo. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, hutarajia isome futi 5,500 na ushei. Ikisoma vingine, kalamu hurudi mfukoni na dashibodi hufunguliwa upya.